Sauti Inayosikika Mpaka Ofisini

Odeta wangu,

Nimekuibia. Naanza na hilo kwa sababu hukuwahi kuwa na subira na barua zinazouliza hali ukurasa mzima ndipo ziseme zinataka nini. Na hali yako nitaiulizaje? Mimi ni mzima. Bado nipo Makere, shule ile ile, meza ile ile karibu na dirisha lisilofungika. Nimekuibia, na mtu niliyedhani hawezi kunikamata amenikamata, na tangu siku hiyo nina maneno ambayo sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Ngoja kwanza nikupe habari, nisije nikaonekana nimekuja kwa shida zangu tu. Meza yako amepewa Mwalimu Festo, kijana wa Jiografia. Ni mtu mzuri, sina neno naye. Siku ya kwanza aliisogeza meza mbali kidogo na yangu, kiasi cha mtu kupita katikati, na sikuweza kumwambia airudishe. Ningempa sababu gani? Miaka sita meza zile zilikuwa zimegusana mpaka madaftari ya wanafunzi wako yakawa yanahamia kwangu yenyewe. Chai ya saa nne bado inakuja na viazi vitamu. Bado nakigawa kiazi vipande viwili, halafu nakumbuka kwamba kipande kikubwa hakina mwenyewe, nakila kwa aibu huku natazama nje.

Barabara ya kwenda kwenu Kibondo imewekwa lami. Lile vumbi ulilosema limekuzeesha kabla ya siku zako halipo tena. Nilipopita mara ya mwisho nilikasirika kabisa, kana kwamba walikuwa wanasubiri ufe ndipo wamwage lami.

Sasa, habari ya uzamili. Ule mpango wetu nimeuendeleza peke yangu. Nimeomba nafasi ya kusomea ufundishaji wa sayansi, chuo kile tulichokipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na nimeomba na ufadhili, maana bila ufadhili ni kujisumbua. Fomu ilitaka wadhamini wawili: mmoja aliyenifundisha chuoni, mwingine mwajiri wangu. Kila mmoja aandike barua ya mapendekezo, aseme amenifahamu kwa muda gani, na kwa nini wanichukue mimi wawaache wengine. Nilipolisoma swali hilo niliifunga fomu nikaifunika kwa madaftari.

Unajua kwa nini, na uliwahi kunicheka. Babu yangu alivuka kutoka Burundi bila hata kipande cha karatasi, na tangu hapo sisi wa kijiji cha Kitanga tumeishi tukiulizwa swali hilo hilo kila dirisha la kila ofisi: nani anakufahamu? Baba alikuwa akimchukua jirani yetu mmoja, Muha, mkulima wa maharage. Kwa cheti changu cha kuzaliwa walikwenda pamoja, kwa kitambulisho changu walikwenda pamoja. Yule mzee alivaa koti lake la kanisani, akasimama mbele ya karani, akasema, "Huyu namfahamu." Basi. Baba alikuwa akirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilipokuhadithia hayo ulisema, "Ninyi wakimbizi mnapenda makaratasi!" Ukacheka mpaka yule mwalimu wa Historia wa wakati ule akatuangalia. Halafu ukaacha kucheka, ukaniambia, "Mimi nakufahamu, sha. Inatosha." Na kweli ilikuwa inatosha, wala sikutafuta mwingine.

Kwa hiyo nilikaa na karatasi nikaandika majina ya watu wa kuwaomba. Mama yangu alisema nimwombe Mchungaji. "Anakufahamu tangu ubatizo, mwana wanje." Ni kweli, lakini Mchungaji angeandika kwamba nimeokoka na sikosi mazoezi ya kwaya, na chuo hakina mahali pa kujaza hilo. Nikamfikiria yule afisa wa wilayani, mwenye gari na tabasamu. Nilimkuta Kasulu mjini, akakubali kabla sijamaliza kuomba, akanipa mkono, halafu akaniuliza, "Jina lako la pili ni nani vile?" Nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Nikamfikiria profesa wetu mkubwa wa chuoni, ambaye jina lake peke yake lingefungua mlango, lakini tulikuwa mamia ukumbini na mimi nilikaa nyuma karibu na nguzo. Angeipendekeza nguzo ile kabla yangu.

Nikakumbuka ulivyoniambia siku moja tukisimamia mtihani, kwa ile sauti yako uliyodhani ni ya kunong'ona: "Usimwombe mwenye cheo. Mwombe aliyewahi kukuona umechemsha." Nikamwandikia yule Daktari wa maabara ya chuo, aliyenipa sapu ya Kemia mwaka wa pili, nikarudia mtihani. Nilimwomba radhi kwanza kwa kumsumbua, nikamweleza mimi ni nani kwa mistari saba. Akajibu kwa mmoja: "Wewe ndiye uliyevunja bureti ukabaki kufagia vipande mpaka wenzako wakaondoka, nitakuandikia." Nilifurahi, nikageuka kushoto kukuonyesha simu. Festo akafikiri nataka chumvi, akanisogezea.

Ikabaki barua ya mwajiri, na hiyo ndiyo kesi yetu.

Mkuu wa shule ni yule yule. Unakumbuka tulivyokuwa tukimwita Mhuri. Mwalimu akihitaji barua yoyote, jibu lilikuwa moja: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Ukimpelekea, alikuwa anagonga mhuri akiwa amesimama, anaongea na mtu mwingine, macho yakiwa dirishani. Wewe ulimjaribu. Uliandika ombi la ruhusa ya siku mbili ya kwenda mwezini kumsalimia shangazi yako, akaligonga. Lile ombi lilizunguka ofisi ya walimu wiki nzima. Tulicheka mimi na wewe mpaka tukalia, tukisema huyu bwana hajui hata kama shule yake ina walimu.

Ndipo ukatoa ule mpango. Ulisema mtu hawezi kujisifu mwenyewe bila kupaliwa, kwa hiyo mimi nitakuandika wewe, wewe utaniandika mimi, na Mhuri atagonga zote mbili. Mimi niliandika yako wiki ile ile. Ukurasa mmoja na nusu, Kiingereza kilichonyooka, na sikupaliwa hata mara moja. Yangu ukawa unasema inakuja, inakuja. Halafu figo zikaanza. Siku nilipokuja hospitalini umevimba miguu, uliniambia kabla hata sijakaa, "Barua yako sijaandika, sha. Lakini iko yote kichwani." Nikakuambia pumzika, barua haina haraka. Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Kwa hiyo barua yangu imezikwa Kibondo. Siku nyingine nikikulilia, sijui kama nakulilia wewe au nalilia kile ulichokuwa unakijua juu yangu. Mtu aliyeniona kila siku kwa miaka sita aliandika jambo lote kichwani mwake, akaondoka nalo, na sasa hakuna anayeweza kuniambia mimi ni mtu wa namna gani. Naona aibu kusema hivyo kwa mtu aliyekufa, lakini ndivyo nilivyo.

Nilijaribu kujiandika. Alasiri tatu nilikaa mbele ya kompyuta. "Mwalimu Imakulata Nyandwi ni mchapakazi." Nikafuta, kwa sababu hata punda wa Mzee Balagaye ni mchapakazi. "Ni mtulivu." Nikafuta, kwa sababu hiyo si sifa, ni malalamiko. Siku ya mwisho ya kupokea barua ilikuwa Ijumaa. Jumanne nikafungua barua yako, naapa nilitaka kuangalia tu mpangilio wake, mahali pa anwani na mahali pa sahihi. Nikaisoma. Nikaona jina lako lipo mara nne. Kompyuta inabadilisha jina kwa kubonyeza mara moja, Odeta, muda wa kupiga chafya tu, na umeshatoka na mimi nimeingia. Nikatoa Hisabati nikaweka Kemia. Mengine yote nikayaacha kama yalivyo. Nilipoisoma tena nilijiona kama nimevaa viatu vyako, vile vyeusi vilivyokuwa vinanipwaya, lakini nikajiambia Mhuri hatazami miguu ya mtu.

Jumatano asubuhi nikampelekea. Alikuwa amesimama, mhuri mkononi. Sijui ni nini kilichotokea. Labda hakukuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Alivaa miwani yake, akakaa, akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma ile nusu. Akarudi ukurasa wa kwanza akaweka kidole.

"Ariko, lakini, Mwalimu Nyandwi," alisema, "huyu si wewe."

Nikamwambia Mkuu, ni mimi, jina langu hilo hapo.

"Hapa imeandikwa sauti yake husikika mpaka ofisini kwangu, na nikiisikia najua shule inakwenda. Wewe sauti yako sijaisikia hata kwenye kikao. Huyu ni Odeta." Akavua miwani. "Hata ile ya kwenda mwezini niliisoma. Niliona mtu akifika mahali pa kuomba ruhusa ya kwenda mwezini, amechoka kweli, apumzike."

Odeta, alikuwa anasoma. Miaka yote ile alikuwa anasoma, nasi tulikuwa tunamcheka.

Nililia palepale, wala hakuniambia ninyamaze. Alivuta droo ya chini, akatoa daftari la vipindi. Na hapa lazima nikuambie jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa hai, kwa sababu ungenigombeza kwa sauti hiyo hiyo.

Ulipolazwa niliingia mimi kwenye vipindi vyako. Hakuna aliyeniambia. Hisabati ya Kidato cha Pili naiweza nikiisoma usiku wa kuamkia kipindi, na wanafunzi walijua, wakanisitiri. Nikitoka darasani, pale mwalimu anaposaini kwamba amefundisha, sikusaini jina langu. Nilisaini lako. Nilijifunza ile O yako kubwa yenye mkia kama wa panya. Niliogopa wakaguzi wakija wakikuta nafasi tupu wiki baada ya wiki watakuandika mtoro, au watamleta mwingine, na ukirudi ukute huna kiti. Nilisaini muhula mzima. Baadaye ukafa, tukakuzika Ijumaa, nikarudi Makere Jumapili. Jumatatu nikaingia Kidato cha Pili, nikafundisha vipeuo, nikatoka, na mkono wangu ukasaini O yenye mkia. Sikujua nimefanya nini mpaka nilipofika kwenye korido.

Nilirudi mbio kufuta, nikakuta kiranja ameshalipeleka daftari ofisini. Siku iliyofuata kulikuwa na daftari jipya, wakati lile la zamani lilikuwa halijafika hata nusu. Nilisema Mungu wangu, bahati iliyoje. Nilidhani lile la zamani limepotea katika yale marundo ya Mhuri.

Basi alikuwa nalo yeye. Alilifungua mbele yangu, akaonyesha O ya kwanza, akageuza kurasa pole pole, O baada ya O, mpaka ile ya Jumatatu. Alisema mkia wako ulikuwa unapinda kulia, wangu unapinda kushoto, kwa hiyo alijua tangu wiki ya kwanza. Alisema alilificha kwa sababu mkaguzi hawezi kuelewa mambo mengine. Halafu akafunga daftari, akachukua karatasi tupu, akaniambia nikae.

Aliandika kwa mkono, taratibu, kama mtu anayeandika mtihani. Mimi nilikaa natazama kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Nje Kidato cha Kwanza walikuwa wanafyeka, na nilisikia wanabishana juu ya fyekeo. Alipomaliza alinipa nisome, jambo ambalo nasikia wadhamini hawafanyi. Ni Kiingereza chake kile cha zamani, lakini kwa maneno yetu ilisema hivi:

"Namfahamu mwombaji kwa zaidi ya miaka sita. Si mtu wa kuongea. Mwenzake alipougua alifundisha vipindi vya mwenzake muhula mzima pamoja na vyake, wala hakuandika jina lake popote. Mkimchukua sitapata mwingine. Mchukueni."

Hakuna zaidi. Hakuna mchapakazi, hakuna mtulivu. Aligonga mhuri mara moja, akaupuliza wino ukauke. Nikapiga goti kidogo kama mtoto, nikasema asante.

Nilipoinuka akanirudishia ile niliyokuibia. "Hii irudishie jina lake, uniletee," alisema.

Nikamuuliza, "Ya nini sasa, Mkuu?"

"Kabla hajalazwa aliniambia kuna barua yake inakuja ya kusaini. Nikamwambia alete. Naisubiri mpaka leo."

Nikarudi mezani kwangu nikabonyeza mara moja, nikatoka mimi ukaingia wewe. Nikatoa Kemia nikaweka Hisabati. Unajua nilivyoisoma safari hii? Nilipumua. Kila neno lilikuwa limekaa mahali pake: maharage yako ya kufundishia mafungu, chaki sikioni, mama wa kila mwanafunzi unayemjua kwa jina, na sauti ile. Alisaini mbele yangu. Juu imeandikwa Kwa Yeyote Anayehusika, na chini kuna jina la Mkuu na mhuri wa shule, na tarehe ya wiki hii, ambayo wewe hukuifikia.

Maombi yangu yamekwenda. Daktari ametuma yake, Mkuu ametuma yake, Ijumaa kabla ya saa sita. Sijui majibu. Nikikubaliwa, nitakuwa na habari njema na ofisi nzima ya watu wa kupeana nao mikono, na sina wa kumpigia kelele. Nikikataliwa, sina wa kuniambia chuo chenyewe kina kunguni. Hicho ndicho kinachonitisha, kuliko kukataliwa kwenyewe. Mama ananiambia nitapata rafiki mwingine huko mbele. Ninamwitikia ego, ndiyo, ili asihuzunike.

Jumamosi naja Kibondo, kwa ile lami ya mkosi. Barua yako nimeitia kwenye bahasha ya kaki, nimeiweka katikati ya kitabu cha Kemia isikunjamane. Mama yako hajui Kiingereza, nitamgeuzia Kiha kadiri ninavyosoma, na najua atacheka Kirundi changu kinachopenya katikati, kama ulivyokuwa ukicheka wewe. Nitamwomba tusogee kwenye migomba, pale kwenye msalaba wako, nisome nimesimama. Nakuahidi nitasoma kwa sauti. Mimi, ambaye sijasikika hata kwenye kikao. Nitasoma mpaka majirani wa ng'ambo ya bonde watoke kuuliza kuna nini, na nikiona sauti haijafika, nitaanza upya kutoka juu.

Kwaheri, Odeta. Huko uliko, ukikuta dirisha na karani, wakikuuliza nani anakufahamu, usihangaike na mwenye cheo. Nitaje mimi.

Ni mimi ninayekufahamu,

Ima